Nandenga Ni Mmoja Tu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa chuo alinikuta nyumbani kwangu Lukuledi nikichambua mbaazi. Hakukaa. Alisimama na simu mkononi, akasema, "Bibi, nimeambiwa wewe ndiye mtaalamu wa koo. Naomba mti wa ukoo wetu. Nina nusu saa tu, bodaboda ananisubiri."

Nusu saa! Wazee wake wamezaana na kuzikana miaka nenda rudi, yeye ana nusu saa. Nikamwambia, "Hata shikamoo hujanipa, unataka nikupe babu?" Akasema shikamoo. Nikasema marahaba, nikaendelea na mbaazi zangu mpaka bodaboda alipopiga honi mara ya tatu na kijana akaondoka mikono mitupu.

Sijutii kumfukuza. Lakini mnaokuja namna hiyo mmekuwa wengi, na sijawahi kuwaambia sababu. Leo nawaambia. Someni mkiwa mmekaa chini. Mkiona nimekasirika, ni kweli nimekasirika, na mtu ninayemkasirikia kuliko wote mtamjua kabla sijamaliza. Majina ya watu nimeyageuza, na Makote ina vitongoji vingi, kwa hiyo msijisumbue kupeleleza.

Kazini niliitwa Mama Karani. Miaka thelathini na ushei nilikaa kwenye masjala ya parokia moja ya huku kwetu, nikiandika vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya vifo. Kila aliyetaka kujua nani alimzaa nani alikuja dirishani kwangu. Hata Waislamu walikuja, maana huku nyumba moja ina Hamisi na Filipo, na bibi mmoja anawalilia wote. Nilipostaafu nikaendelea kwa miguu yangu mwenyewe, na daftari kwapani: Lisekese, Masasi mjini, Newala, Makote, popote palipokuwa na ukoo uliotaka kuandikwa.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Silvano, karani mkuu, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri mno, na tabia yake moja iliniudhi mno: aliacha nafasi wazi. Ungefungua kitabu alichokiandika ukakuta jina la mtoto lipo, la baba lipo, la msimamizi lipo, halafu mahali pa kuandika mama ametoka kwa watu gani, patupu. Mimi nilikuwa msichana, nimetoka shule juzi na cheti changu cha kupiga taipu, nikaona huo ni uvivu. Siku moja alipokwenda hospitali kupima macho nikachukua kitabu, nikawaita wazee wawili waliokuwa wakimsubiri padri barazani, nikawahoji, nikajaza nafasi kumi na moja kwa wino wa bluu. Nikakaa kusubiri sifa.

Aliporudi alizisoma zote moja moja, kisha akavua miwani.

"Nani kakwambia hizi zilikuwa tupu?"

"Si zilikuwa tupu, baba."

"Zilikuwa zimejaa," akasema. "Wewe ndiye hujui kusoma."

Wiki nzima hakunipa kalamu. Alinipa kitambaa nifute vumbi makabatini. Wala hakunieleza neno jingine, kwa sababu wazee wale ndivyo walivyofundisha: wanakupa kibao cha maneno, halafu wanakuacha utafute mwenyewe kilikotokea. Mimi nikadhani ni wivu wa mzee kwa msichana mwenye kasi. Nilikaa na dhana hiyo mpaka nikastaafu nayo, na iliniponza, kama mtakavyosikia.

Kwanza niwape kazi yenyewe, msije mkasema Bibi alitugombeza tu.

Usimuulize mtu mzima wa zamani alizaliwa mwaka gani. Niliwahi kumuuliza mzee mmoja wa Lisekese, akanijibu haraka bila kufikiri. Nikamuuliza mdogo wake, akanitajia mwaka uleule. Nikamgeukia dada yao, mwaka uleule. Nikasema, "Kwani mama yenu alijifungua watatu siku moja?" Yule mzee akasema, "Mama, huo ni mwaka wa kwenye kadi yangu. Hawa wameniigia ili uridhike uende, tuna palizi." Tangu siku hiyo naanza na jando. Nauliza alitiwa jandoni na akina nani, na nani aliwatangulia. Mtu anaweza kusahau umri wake, lakini hawasahau aliolala nao kambini akiugulia kidonda. Wanawake nawauliza maji. Uwanda wa Newala, zamani maji ni ya kushuka bondeni na kupanda nayo kichwani, na hakuna mwanamke asiyekumbuka kisima alichokishukia akiwa na mimba ya nani.

Na usimhoji mtu aliyekaa kitini na mikono mapajani. Huyo atakuhutubia. Mfuate anapomenya ming'oko, vile viazi vya porini, au anapobangua korosho, umenye naye. Mikono ikiwa na kazi ulimi hulegea. Nyinyi mnamwekea bibi simu mbele ya mdomo kama daktari anayemtazama mtu koo, halafu mnashangaa anawaambia "sikumbuki." Anakumbuka sana. Hajapenda tu sura ya hiyo simu.

Halafu lipo jambo la majina, ambalo bila kulijua utaandika upuuzi. Katika koo nyingi za huku mtu mzima akifa, jina lake halizikwi. Msiba ukiisha ndugu wanakaa, wanachagua mtu wa kulivaa. Anayevaa jina anavaa na cheo chake. Watoto wa marehemu watamwita mama, wajukuu watamwita bibi, hata kama ni kichanga kinachonyonya. 

Mara ya kwanza nafika Makote kwa kazi hii, nilimkuta mzee mwenye mvi hadi kifuani amemwinamia mwanamke aliyeketi mkekani, mwanamke mdogo kwake wazi kabisa. "Shikamoo, mama," mzee akasema. Yule mwanamke akajibu, "Marahaba, baba. Umeamkaje? Mgongo?" Nikacheka, nikidhani wanataniana. Wote wakanitazama kama niliyetema mate kwenye chungu. Mwanamke yule alikuwa Bibi Somoe. Yule mzee alikuwa kaka yake, tumbo moja. Mama yao, Nandenga, alipofariki, jina alivalishwa Somoe, kitinda mimba, na tangu siku hiyo kaka zake wote wakawa wanawe. Wenzake wa rika walimwita Somoe. Nyumbani alikuwa Nandenga.

Aliyenipeleka Makote ni Injinia Hamidu. Mtoto wa kule, anakaa Dar es Salaam, gari jeupe, maneno mengi. Babu yake mzaa baba alikuwa mkuu wa ukoo ule, na Injinia alitaka kitabu: kitabu chenye jalada gumu, kigawiwe kwenye mkutano wa ukoo ambao wote wangevaa fulana za rangi moja. Akaniletea fomu alizochapa mwenyewe. Jina lako, jina la baba, jina la babu, jina la baba wa babu. Basi. Mama hakuwa na hata mstari.

Ukoo ule, kama koo nyingi za uwanda huu, unahesabiwa kwa mama. Mtoto ni wa nyumba iliyomzaa mama yake. Kuhesabu ukoo wa namna hiyo kwa baba ni kupima maji kwa tenga. Nilijua hivyo, na nikazijaza zile fomu. Nilinyamaza kwa sababu mtu mkubwa alikuwa ameniita mtaalamu mbele za watu, na masikio yangu yaliyazoea haraka mno maneno hayo. Andikeni hilo, ndilo la kwanza ninalojikasirikia.

La pili ni kubwa zaidi.

Nilipokuwa napanga majina, nikakutana na jambo lisiloingia akilini. Wazee wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walinitajia Nandenga aliyekufa akiwa mtoto wa miaka mitano au sita, mwaka wa ile njaa kubwa iliyofuata vita na Mjerumani. Kaburi lake waliniambia lilipo. Halafu wazee walewale wakanitajia watoto saba wa Nandenga, Somoe akiwa wa mwisho. Maiti haizai. Nikarudi kuuliza, wakasema, "Ndiyo huyohuyo." Nikasema hamkunielewa. Wakasema, "Wewe ndiye hujatuelewa, mama, kula muhogo."

Kama ningekuwa na akili ningekula muhogo. Badala yake nikamwandama Somoe siku tatu mfululizo. Siku ya tatu tulikuwa jikoni kwake tunamenya ming'oko, yeye na mimi tu, akaweka kisu chini.

"Umeniganda kama kupe, Mama Karani. Haya, sikia. Mama yangu alikuja hapa na jina lake, na hakuna anayelijua. Mwaka ule wa njaa walipita watu na ntoto wa kike. Wakamwacha, wakachukua kikapu cha mtama. Mama mwenye nyumba alikuwa amezika binti yake mwezi uleule. Akamwogesha yule ntoto, akamvika nguo za marehemu, akamwita Nandenga. Wazee wakakaa, wakasema Nandenga karudi, na atakayesema vingine atoke kijijini. Neno likaisha. Mama aliniambia akiwa anakufa. Kaka zangu hawajui. Nakwambia wewe ili usizidi kuwachimba wazee. Haya ni ya masikio yako, si ya kalamu yako."

"Nimesikia, Bibi," nikasema.

Nikaenda nyumbani, nikayaandika. Ukurasa wa kumi na tisa, chini kabisa, kwa herufi ndogo: Nandenga wa pili si wa damu; alipokelewa wakati wa njaa kwa kikapu cha mtama. Nilijiambia ukweli hauna mwenyewe. Nilijiambia kitabu chenye kosa si kitabu. Porojo tupu. Ukweli wenyewe ni kwamba nilikuwa nimefumbua fumbo, na sikuweza kuvumilia lisionekane kwamba nimelifumbua.

Mkutano ulifana. Fulana za kijani, spika, pilau. Watu wakapewa vitabu, wakatafuta majina yao, wakapiga picha, wakavitia vitabu kwenye mifuko ya rambo. Nani anasoma herufi ndogo za chini ya ukurasa? Nilidhani hakuna. Injinia alisoma.

Miezi michache baadaye kamati yake ilijenga ukuta wa matofali kuzunguka makaburi ya ukoo, ikaweka geti na kufuli. Halafu ukatumwa ujumbe kwenye kundi la wasapu la ukoo. Nilionyeshwa, na maneno yake ninayo mpaka leo: "Kutokana na nafasi kuwa ndogo, makaburi yatabaki kwa wana ukoo wa damu. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaalamu, ukurasa wa 19, kizazi cha Nandenga wa pili kitatumia makaburi ya kijiji. Tunaomba ushirikiano." Chini yake mikono ya kupongeza, mingi, ya watoto wa mjini ambao hawajawahi hata kuyafyekea majani hayo makaburi. Mmoja akaandika kwamba tupime mate yetu tujue nani ni nani. Damu, damu, damu. Mmegeuka kunguni?

Somoe wakati huo alikuwa na zaidi ya miaka themanini na kifua kinambana. Maishani mwake alishabakiza ombi moja tu, na kila mtu Makote alilijua: alazwe upande wa kushoto wa mama yake. Mahali pale alikuwa ameshapaonyesha, akapawekea jiwe.

Alikuja kwangu. Mwanamke wa umri ule alipanda bodaboda kutoka Makote mpaka Lukuledi, vumbi limemjaa kope. Nikamletea kiti, akakaa chini. Nikamletea maji, akayaweka pembeni bila kuyagusa. Mtu wa Newala akikataa maji yako usiulize kama amekasirika.

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

Akasema marahaba kwa sababu ya adabu yake, si kwa sababu yangu.

"Mama yangu alizikwa akiwa Nandenga," akasema. "Miaka yote amelala hivyo. Wewe umemfukua, ukamvua nguo mbele ya wajukuu zake."

Nikasema nitafuta.

"Wino wako naujua, haufutiki. Sikuja kwa hilo. Kaka yangu amesikia kwenye simu ya mjukuu wake kwamba yeye ni wa kikapu cha mtama. Hali chakula, leo siku ya nne. Mimi nimekuja unijibu moja tu, wewe uliyesoma. Nikifa nitalala wapi?"

Nilikuwa na miaka sabini na mbili siku hiyo, na nililia kama niliyechapwa. Hakunibembeleza. Alisubiri nimalize, akamwita bodaboda wake, akaondoka, na maji yakabaki pale. Jioni ile nilimkumbuka Mzee Silvano na nafasi zake kumi na moja. Zilikuwa zimejaa. Kila nafasi ilikuwa na mtoto wa njaa ndani yake, na mama aliyemwogesha, na wazee waliokubaliana kunyamaza, na karani aliyejua yote na kalamu yake akaiweka chini. Mimi niliwatoa wote nje kwa wino wa bluu nikasubiri kusifiwa. Na bado, uzeeni, nikarudia.

Kamati ilipoitisha kikao cha kuthibitisha mambo ya makaburi, nilikwenda bila kuitwa. Kilikuwa uwanjani kwa marehemu babu yake Injinia, turubai limefungwa, viti vya plastiki mbele kwa wageni, wanawake mikekani nyuma. Injinia aliponiona akafurahi. Alinyanyua kitabu.

"Bahati nzuri mtaalamu mwenyewe yupo. Mama Karani, tuthibitishie tu, ili watu wasiseme ni Hamidu. Ukurasa wa kumi na tisa uliandika wewe?"

"Niliandika mimi," nikasema. "Na niliambiwa nisiandike. Nimekuja kuomba radhi mbele ya wote, na kuomba kila mwenye kitabu anirudishie."

"Radhi sawa, lakini ni kweli au si kweli?"

Sijui mmewahi kukasirika mpaka mkasikia ubaridi. Nilisimama katikati ya turubai lile nikasema, "Unataka damu, Injinia? Haya tuhesabu damu, kwa kanuni ya ukoo huu huu. Babu yako alikuwa mkuu hapa, ni kweli. Bibi yako alitoka ukoo gani? Wa watu wa Masasi. Kwa hiyo baba yako alikuwa wa Masasi. Mama yako naye katoka Mtwara, kwa hiyo wewe ni wa Mtwara. Kwa hesabu ya damu hapa huna hata kucha. Fomu zako za baba na babu ndizo zilizokuficha. Huo ukuta umeujenga, na wewe mwenyewe uko nje yake!"

Kelele zikapanda. Vijana wakasimama. Wazee walikuwa wakitazama chini, maana jambo hilo walilijua siku zote na hawakuwahi kumwambia, kama walivyolijua lile la Nandenga wakanyamaza. Uso wa Injinia ulikuwa kama wa mtoto aliyepotezana na mama yake sokoni. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kuuona.

Kisha nikasikia sauti mkekani nyuma yangu.

"Mama Karani, kaa chini."

Ni Somoe. Aliongea polepole akitafuta pumzi, na kila mtu akanyamaza kumsikia.

"Umeshasema mara moja, tukapata ya kututosha. Sasa unasema tena? Huyu ni mjukuu wa mkuu wetu, kaka yetu wa ukoo. Kazaliwa tunamjua, mkojo wake wa kwanza ulilowesha kanga yangu. Nani kakutuma umwambie hayumo?"

Nikakaa chini. Wallahi, nikasema kimoyomoyo; mtu wa parokia, kwa aibu nikaapa kwa kiapo cha majirani zangu Waislamu.

Somoe akamgeukia Injinia. "Hamidu, mimi nakufa. Siombi geti lako. Ninalo jina la mama yangu nimelivaa, nalo halizikwi. Nikifa avae ntoto wako, Rehema."

Rehema alikuwa bintiye Injinia, miaka tisa, amekaa kitini mbele na soksi nyeupe. Mama yake ni mtu wa Singida. Mtoto huyo katika ukoo ule hana hata tone la damu, si kwa baba wala kwa mama.

"Bibi," Injinia akasema, "mtoto ana jina lake. Limeandikwa kwenye cheti."

"Hata mama yangu alikuwa nalo lake," Somoe akasema.

Kikao kiliisha bila mtu kukifunga. Watu waliondoka wawili wawili, na viti vikabaki vimegeukia huku na huku.

Mimi nilianza kazi ya mwisho ya ukarani wangu. Nilizunguka Makote nyumba kwa nyumba, na Newala mjini, na Masasi, nikikusanya vitabu. Ukurasa wa kumi na tisa niliukata kwa wembe mbele ya mwenye kitabu, nikambandikia mwingine. Mtu aliyefundishwa kutogusa wino wa rejista hata kwa kifutio, nilikata kurasa mchana kweupe. Vitabu karibu vyote nilivipata. Vya kwenye simu sikuviweza. Mlishatumiana, mkahifadhi, mkatuma tena. Wino angalau unafifia. Hizo simu zenu hazijui kufa, na ndiyo maana nazitazama vile ninavyozitazama. Kaka yake Somoe alikufa kabla sijamaliza, akiwa bado hasemi na mtu, na hilo hakuna wembe wa kulikata.

Somoe alifuata msimu wa korosho ulipoanza. Asubuhi ya mazishi vijana wa Makote walikwenda getini na majembe na nyundo, wamejiandaa kuvunja kufuli. Walimkuta Injinia amefika, peke yake, ufunguo mkononi. Alifungua, akavua koti, akaingia kuchimba nao, upande wa kushoto, palipokuwa na jiwe. Kuchimba hakujui, mikono yake ilitoka malengelenge kabla ya kina cha magoti. Sikumhurumia. Nasema kweli, mpaka leo sijamhurumia vya kutosha, na huenda ni kwa sababu nikimhurumia yeye nitabaki peke yangu na kosa.

Arobaini ilipofika ndugu walikaa kama desturi. Wanawake walimleta Rehema, wakamvua viatu na zile soksi, wakamfunga kanga ya Somoe, ikamzunguka mara tatu. Mwanamke mkubwa wa ukoo akatamka jina. Kisha wakapanga mstari wa kumsalimia, wazee kwanza, watu wa miaka sitini na sabini, mmoja mmoja. "Shikamoo, mama." "Shikamoo, bibi." Mtoto akiwatazama kwa macho makubwa, akisahau kuitika, akina mama wakimsukuma begani.

Injinia alikuwa wa mwisho. Nilimtazama, nikingojea aseme ana simu ya kupokea. Akasimama mbele ya binti yake. Kisha akapiga magoti, suruali nzuri ile, juu ya vumbi.

"Shikamoo, Bibi," akasema.

"Marahaba," Rehema akasema. Halafu, kwa kuwa alikuwa amewasikia wakubwa siku nzima, akaongeza, "Umeamkaje? Mgongo?" Watu walicheka mpaka wakalia, na wengine hawakuwa wakicheka.

Basi, hiyo ndiyo kazi mnayotaka niwape kwa nusu saa. Kitabu kipya kipo hapa kwangu, kimehesabiwa kwa akina mama, na mnaweza kuja kukisoma mkiwa na muda na adabu. Chini ya ukurasa wa kumi na tisa mtakuta nafasi wazi. Msiniletee kalamu. Na wapo wajuaji kati yenu ambao wameshanipigia simu kuniambia kitabu kina kosa, kwamba Nandenga anaonekana kaishi zaidi ya miaka mia moja, kafa mara tatu, na bado hajaandikiwa kifo, kwamba bila shaka ni watu wanne na Bibi amezeeka.

Ni mmoja. Anayebisha aende Makote akamwone. Yuko darasa la nne, anakwenda huko kila likizo. Aanze na shikamoo.